Mhuri wa Profoma

Nilipomwomba baba anunue kompyuta ya mtumba kwa ajili ya karakana yetu, aliniuliza kama inaweza kupiga randa. Nilimjibu kwamba haiwezi, ila itaandika profoma nzuri kuliko za mafundi wote wa Singida. Nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu na mdomo usiolingana nacho.

Karakana ilikuwa mjini, nyuma ya soko. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vya nje vimejaa kila kona, na viti vya plastiki vilikuwa vinatunyang'anya wateja mmoja mmoja. Waliotubakia ni shule, zahanati na makanisa. Hao hawakununua hata kigoda bila kwanza kupata profoma kutoka kwa mafundi watatu, yaani karatasi inayoonyesha utakachowatengenezea na bei yake. Baba aliziandika kwa mkono kwenye kitabu chenye kaboni, kwa mwandiko ambao hata mimi mwanawe niliusoma kwa kubahatisha.

Basi shule moja ya huko Mtinko ikataka madawati. Baba akaniambia bila kuzunguka, "Hii ndiyo kazi ya kompyuta yako. Tukiikosa naiuza, na wewe utakwenda Dodoma kwa shangazi yako ukamsaidie kuuza vitenge." Sikuwa na ugomvi na shangazi wala na vitenge vyake. Lakini karakana ndiyo ilikuwa mahali pangu tangu nikiwa mtoto wa kuokota maranda, na sikuwa tayari kuondolewa.

Programu ya hesabu iliyokuja na ile kompyuta ilikuwa imetengenezwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wa mbali. Profoma ya kwanza iliyotoka kwenye printa ilinitia aibu. Vichwa vyote vilikuwa Kiingereza, kulikuwa na safu ya kodi ya jimbo, ambayo kwetu haipo, na nafasi ya kuandika mtaa na namba ya nyumba ya mteja. Ukubwa wa karatasi nao ulikuwa wa kwao, kwa hiyo kwenye karatasi zetu mstari wa mwisho ulikatwa nusu. Baba aliishika mbali na macho, akasema, "Hii ni barua ya ubalozi."

Nikasema moyoni, tutaonana. Kwa siku tano nilikaa mbele ya kompyuta na kamusi mapajani, kwa sababu mjini hapakuwa na mtu anayeijua programu ile. Nikafuta kodi ya jimbo. Nikafuta namba ya nyumba, nikaweka kijiji na kata. Nikabadilisha vichwa vikawa Kiswahili, nikapanua nafasi ya maelezo ili mtu asome kwamba dawati ni la watoto watatu, la mbao ngumu, na miguu yake imechomekwa, haikushikwa kwa misumari tu. Kila nilipochapa nilipima pembeni kwa rula ya fundi, kisha nikaanza tena. Chini kabisa nikachora mstari na kuandika: Sahihi ya Mwenye Karakana.

Kilichobaki kikawa mhuri. Kwetu karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga. Na mhuri wetu baba aliuweka kwenye mfuko wa koti, umefungwa kwenye leso, anakwenda nao hata msikitini. Kila nilipouhitaji, mwenyewe hayupo. Siku moja kabla ya kamati ya shule kukutana, alikuwa Mgori kuangalia mbao, na mhuri uko huko huko naye. Hasira zikanipanda. Nikachukua profoma ya zamani yenye mhuri uliokolea, nikaenda nayo studio ya picha, wakaniskania na kuniwekea kwenye disketi. Nikaupachika ule mhuri ndani ya profoma yangu, ukawa unatoka na kila karatasi, wa bluu vilevile kama ule wa kweli. Pale juu ya mstari nikasaini jina la baba. Nilijiona nimemaliza shida hiyo maisha.

Mtinko nilikuta wazee wanne na mama mmoja mkulima, mweka hazina wa kamati. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikawapa nakala tatu. Mwenyekiti alisoma na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mama yule hakusoma. Alilamba kidole, akausugua mhuri.

"Haufutiki," akasema.

Akazipanga nakala zote tatu. "Mwanangu, ni nani anagonga mhuri mara tatu usisogee hata kidogo?"

"Ni wa kompyuta, mama," nikasema.

"Mhuri unagongwa. Huu umezaliwa na karatasi. Tutajuaje kama karakana yenyewe ipo?"

Mwenyekiti akanirudishia karatasi zangu kwa upole, akasema nirudi Ijumaa na za kweli, ama wataendelea na mafundi wengine. Nilitoka nimekasirika. Nilipofika mjini hasira ilikuwa imekwisha, imebaki aibu tupu.

Baba alikuwa amerudi. Nikamweleza yote, pamoja na ile sahihi, nikasubiri habari ya Dodoma. Yeye akaomba kuiona karatasi. Aliisoma taratibu kutoka juu hadi chini, kwa mara ya kwanza.

"Hapa umeandika mwenye karakana, ukaweka jina langu," akasema. "Mimi nilikuwa Mgori."

"Nisamehe, baba."

"Toa hiyo picha ya mhuri. Na hapo chini pabadilishe. Andika Meneja."

"Meneja nani?"

"Aliyekwenda Mtinko ni nani?"

Nikamuuliza, na tukiikosa kazi? Akasema tukiikosa tutatafuta nyingine. Kisha akafungua leso, akaniwekea mhuri kiganjani. Nililia, na sikujificha.

Ijumaa niligonga mhuri mbele ya kamati nzima. Mama mweka hazina akalamba kidole, akasugua, wino ukamchafua hadi ukucha, naye akaridhika. Baadaye walitupa nusu ya madawati, nusu nyingine wakawapa mafundi wengine, na hatukulalamika. Lakini pale pale, kabla hawajaamua lolote, mwenyekiti aliweka kidole chini ya karatasi na kuuliza meneja mwenyewe yuko wapi aje kusaini.

Nikasema ni mimi. Nikachukua kalamu. Jina langu halikutosha kwenye ule mstari niliouchora mwenyewe, likapitiliza hadi ukingoni mwa karatasi.