Vidole vilikataa mouse, sasa napanga programme za mazishi kwa kupunga mkono hewani

Niaje wakuu. Na wale wakubwa wa humu ambao hamsalimiwi na niaje, habari zenu pia.

Hii ni yangu mwenyewe, sikuisikia kwa mtu. Mahali nitaongeza chumvi nitawaambia hapo nimeongeza.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimezaliwa Gatwekera, huko Kibera, nimeolewa Kawangware 46.

Kazi yangu ni kupanga programme za mazishi. Kile kijitabu unapewa ukifika kwa matanga, picha ya marehemu mbele, historia yake katikati, nyimbo nyuma. Nimefanya hiyo kazi miaka mingi kwa cyber ya Shem, hapa Kawangware. Shem ni bwana ya cousin yangu, ndio maana tunaitana hivyo, na yeye ndiye mwenye cyber.

Niseme bila aibu, mimi ni mkali. Watu hutoka Kibera kwa miguu, wanapita cyber kumi njiani, wananitafuta mimi. Ukiona programme picha imekaa vizuri na marehemu hajakatwa masikio, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu.

Sasa hiyo mikono ndiyo ilinigeuka.

Ilianza na vidole vya kulia. Naamka asubuhi vimevimba kama soseji, havikunji, havinyooki. Baadaye na kushoto. Daktari wa clinic akaniambia ni arthritis, ile inakula joints zenyewe, na si lazima uwe mzee ndio ikupate.

Wakuu, kubonyeza mouse mara moja ni kitu ndogo. Sasa bonyeza siku mzima. Kila click nilikuwa naiskia mpaka kwa kiwiko.

Na mimi nikaficha. Shem akiuliza nasema nimejigonga na sufuria. Sufuria gani hiyo inanigonga kila wiki? Lakini nilijua nikisema ukweli nitaambiwa nikapumzike nyumbani, na mimi nyumbani sina kazi ya kufanya, ningeoza.

Mwishowe ukweli ulijitokeza wenyewe.

Kuna familia moja, nilikuwa napanga orodha ya watoto wa marehemu. Jina la kifungua mimba likaruka. Niliona kabisa kuna mahali hapakai sawa, lakini kurudi kurekebisha ilikuwa click kama ishirini, na vidole vilikuwa vinawaka moto. Nikasema itakuwa sawa.

Haikuwa sawa. Mnajua matanga ya kwetu. Kifungua mimba anafungua programme mbele ya umati, anaona babake amezaa watoto watano na yeye hayuko. Walitaka kupigana kando ya kaburi.

Shem alipigiwa simu na kila mtu. Jumatatu yake akanikalisha chini, kwa upole, na huo upole ndio uliniua.

"Shem, mimi sikufukuzi. Lakini hivi haiwezi. Kuna msichana anakuja wiki ijayo, nataka nimjaribu hiyo kazi yako."

Nilitoka hapo nikalia choo ya plot mpaka mtu akagonga mlango.

Sasa sikilizeni vile Mungu hupanga mambo.

Siku hiyohiyo nilipitia Kibera kumwona mamangu, na njiani kuna mama anauza vitu vya computer vya mtumba, karibu na reli. Cable, charger, keyboard zimetoka meno. Nikaona kitu nyeusi, ndogo kama kiberiti, juu ina kioo. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni ya kufukuza mbu.

Mimi nilikuwa nimewahi kuona video ya hiyo kitu. Unaichomeka kwa computer, inaona mkono wako hewani, mkono unakuwa mouse. Hakuna kushika chochote. Uso nikaukausha, nikamwambia kwangu mbu ni wengi. Akanipa kwa bei ya mbu.

Kesho yake nikamwambia Shem anipe hiyo wiki iliyobaki. Kazi yenyewe ilikuwa moja. Mzee Odhiambo, fundi wa viatu wa Gatwekera anayenijua tangu nikiwa mtoto, alikuwa amefiwa na mke wake. Akasema programme ataitengeneza nyathi wa kwao au haitengenezwi. Nyathi kwa Kijaluo ni mtoto, ni mimi huyo. Shem akaangalia kidude, akaniangalia, akasema, "Mpaka Ijumaa."

Wakuu, siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu.

Nilipata software yake kwa net, ikaingia, taa nyekundu zikawaka ndani ya kioo. Nikasimamisha kidude kama camera kikiniangalia, nikaanza kupunga. Hakuna kitu. Napunga kama mtu anaaga ndege. Wateja wanaangaliana. Mmoja akaniuliza kama niko na maombi.

Kumbe kinalala chali. Kinaangalia juu, na wewe unapitisha mkono hewani juu yake. Masaa mawili nilikuwa nakipungia mikono upande ambao hakina macho.

Nikakilaza. Nikapitisha kiganja juu polepole. Mshale kwa screen ukatembea.

Sijui niwaelezeje. Sikuwa nimeshika kitu. Hakukuwa na uchungu. Mkono uko hewani na mshale unaenda mahali nataka, na mimi nimekaa hapo mdomo wazi kama mtoto ameonyeshwa TV mara ya kwanza.

Watu wengi hubonyeza kwa kuminya vidole viwili pamoja. Mimi vyangu havikutani. Nikatafuta kwa settings nikapata njia ingine: unatuliza mkono mahali pamoja, kwa screen kiduara kinaanza kujijaza, kikijaa imebonyeza. Ukituliza juu ya picha inashikwa. Unaisogeza. Ukituliza tena inaachwa hapo. Huyo aliyefikiria hiyo kitu abarikiwe yeye na ukoo wake wote.

Maneno si shida sana, siku hizi wateja wanatuma historia kwa WhatsApp, mimi na-copy tu. Pale lazima niandike, nagonga keyboard na penseli niliyoifunga sponji ya kuoshea vyombo.

Lakini msidhani ilikuwa mteremko.

Sisi watu wa ziwa tukiongea, mikono nayo inaongea. Jumatano nilikuwa nabishana na Shem kuhusu karatasi ya rangi, nimesahau kidude kiko on. Tunaangalia screen, nimefungua windows hamsini. Hapo nimeongeza chumvi. Zilikuwa saba.

Kitu ingine, jua. Hiki kidude kinaona kwa miale fulani isiyoonekana na macho, sasa jua likiwaka kinachanganyikiwa. Cyber yetu paa ni mabati, na mabati iko na matundu ya misumari. Saa sita kamili kamwale kamoja kakashuka kwa tundu kakatua juu ya kioo. Mshale ukaanza kutetemeka kama mtu ana malaria. Nilikata carton ya maziwa nikaifunga juu kama kipaa kidogo. Ikatulia.

Na bega linachoka, hiyo niwaambie mapema. Mkono hewani dakika kumi unaskia umebeba debe la maji. Nikajifunza kuegemeza kiwiko kwa mto wa kiti. Kazi yenyewe ilienda polepole. Cover ambayo zamani ningemaliza kabla chai ipoe ilinichukua asubuhi mzima.

Shem alikuwa anapita nyuma yangu kila saa. Anaangalia saa ya ukuta, anaenda.

Ijumaa ikafika. Mzee alikuwa ametuma picha mbili. Moja ya mkewe, Mama Atieno, amevaa kitenge cha blue anacheka. Ya pili ni nyumba yao ya ushago, kule kijijini, ile wamejenga pole pole miaka yote, na mabati mpya na mlango wa kijani. Kwa simu aliniambia ya nyumba niweke popote. Nikaifanya ijaze cover yote, halafu picha ya Mama Atieno nikaikata vizuri kufuata mwili wake, nikawa natafuta mahali pa kumkalisha. Juu katikati alikaa kama mtakatifu, si yeye. Chini alikuwa anafunika majina.

Saa nane hivi, niko na yeye hewani, nimeshamshika natafuta pa kumwacha, Mzee Odhiambo akaingia. Ametembea kutoka Gatwekera. Shem alikuwa nyuma yangu ameshasimama na mikono kifuani, na mimi nilijua huo msimamo, alikuwa amekuja kuniambia basi.

Mzee akanyoosha mkono kunisalimia. Juu ya meza. Juu ya kidude.

"Misawa, nyathina."

Huwezi kumwacha mzee na mkono hewani, hata kama nini. Mimi siku hizi natoa kifundo cha mkono, vile fundi mwenye mikono michafu husalimia, kwa sababu vidole haviguswi. Nikatoa. Akashika, akatikisa, akaachilia. Nikarudisha wangu. Wake ukabaki hapo.

Kwa sababu alikuwa ameona screen.

Mama Atieno alikuwa amesogea na mkono wake. Mzee akashtuka, akavuta mkono kidogo kulia. Mama Atieno akaenda kulia. Akausukuma kushoto. Akaja kushoto, na kicheko chake na kitenge chake.

Shem akaruka kuchomoa waya. Nikamwambia, "Shem, wacha."

Sijui nilitoa wapi hiyo sauti. Hata mimi iliniogopesha.

Mzee hakuuliza hiyo ni kitu gani. Alisogea karibu na meza, na ule mkono wake wa kushona viatu, umejaa gundi nyeusi kwa kucha, akaanza kumpeleka. Polepole sana. Akampitisha juu ya majina, akampitisha kando ya ua, mpaka mbele ya ule mlango wa kijani. Akatuliza mkono.

Kiduara kikaanza kujijaza. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo jua lisiingie.

Kikajaa. Mama Atieno akabaki hapo.

Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa anasema nyumba ikiisha atahamia. Imeisha mwezi uliopita. Mwacheni hapo mlangoni."

Wakuu, nililia. Mzee alilia. Mteja alikuwa ana-scan kitambulisho chake, hata hajui marehemu ni nani, alilia. Shem alitoka nje akajifanya anaongea na simu, na simu ilikuwa kwa meza yangu.

Niliprint hiyo jioni. Sikugusa hiyo cover hata kidogo. Nimefanya hii kazi miaka yote hiyo na ile picha ndiyo imekaa vizuri kuliko zote, na si mimi niliiweka.

Mzee alipotoka Shem alirudi ndani akafungua kitabu chake cha hesabu, akakifunga, akakifungua tena. Halafu akaniambia bila kuniangalia, "Jumatatu usichelewe. Na yule msichana akija, utamfundisha hiyo maneno ya carton."

Msichana alikuja. Sasa tuko wawili. Yeye yuko haraka na mouse, mimi niko na kidude, na kuna familia wanakuja wanauliza kama ni hapa mtu anaweza kumweka mtu wake mwenyewe. Nawaketisha, nawaonyesha, natoka kidogo nawaachia nafasi.

Somo langu, mlichukue mkitaka. Kama mikono yako ni mizima, baki na mouse, iko fasta na haisumbuliwi na misumari ya mabati. Lakini kama kuna kitu kinakuuma kazini, sema mapema. Mimi nilificha mpaka nikamfuta mtoto wa mtu kwa programme ya babake. Nilienda kwao kuomba msamaha. Walinipa chai, lakini ile chai ilikuwa baridi, na nilistahili.

Sasa nyinyi wa IT njooni. Kuna njia ya kufanya hiki kidude kisiogope jua? Na kama kuna mwingine humu mwenye joints kama zangu, usione haya, andika hapa chini unatumia nini. Wale wa kuniambia nijaribu tangawizi, nimejaribu.

Hata leo, blouse yangu amenifungia bwanangu. Vifungo siwezi. Huwa ananifunga kimoja kimoja pale mlangoni, anachelewa kazi, halafu ananiuliza kila siku hilo swali lake, "Leo unampanga nani?" Nikamtajia jina la marehemu wa leo, nikachukua mkoba kwa kiwiko, nikaenda kazini.