Rimu za Shangazi Siutiti

Mume wangu Lisiate ni msoma mita za umeme, na ugonjwa wa kazi yake ameuleta mpaka nyumbani. Kila chenye namba atakisoma, na kisicho na namba atakipima. Nilipojifungua Pisila, kitinda mimba wetu, mkunga alisema mtoto ana kilo nne. Lisiate akaomba apimwe tena kwa sababu mizani ilikuwa imeinama. Hapa kijijini Folaha, visiwani Tonga, watu humcheka, nami huwa wa kwanza kucheka, maana mke asipocheka watadhani amekubali.

Basi mwaka ule matairi ya gari letu yakaisha, yakawa vipara. Gari lenyewe ni la viti saba, lilizeekea Japani likaja kuzeeka mara ya pili kwetu. Mtu mwingine angekwenda dukani akaonyesha kidole. Yeye alifungua mlango wa dereva akanakili kile kibandiko ambacho wengine hudhani ni pambo: upana wa tairi, kimo cha ubavu wake, rimu ya inchi kumi na tano, na uzito ambao kila tairi linapaswa kubeba. Karatasi akaibandika jikoni, juu ya sufuria zangu.

Uzito ndio uliomsumbua. Alisema vipimo vya gari tupu havimsaidii, akaniuliza ni lini nimeliona letu likienda tupu. Kweli sijawahi. Akatupeleka wote kwenye mizani ya ghala la maboga, akatupima mmoja mmoja baada ya magunia, na kilo zangu akazisoma kwa sauti mbele ya vijana wa ghala. Sikumpikia siku mbili.

Aliyemshinda ni Shangazi Siutiti, dada mkubwa wa marehemu baba yake, kwa kuwa hakuna mtu Tonga nzima atakayemwambia shangazi yake apande mizani. Lisiate alingoja siku tuliyompa lifti, akainama kana kwamba ameangusha ufunguo, akapima kwa rula. Shangazi akikaa kiti cha mbele, pembe ile ya gari hushuka vidole viwili. Kutoka kwenye vidole viwili akapiga hesabu akapata kilo, akaziandika kwa jina la "mzigo wa mbele" ili karatasi ikiokotwa isimletee balaa. Kisha akachagua matairi yake mjini Nuku'alofa, saizi ileile ya kibandiko na yenye nguvu kidogo zaidi, akaomba yawekwe kando kwa jina lake.

Kabla hajayafuata, Shangazi akaja na zawadi. Rimu nne za inchi kumi na nane, zinang'aa hata unaweza kujipaka poda ukijitazama humo, zimeshavalishwa matairi mapana yenye ubavu mwembamba kama chapati. Mwanawe wa Auckland alizivua kwenye gari lake, akazituma kwenye kontena pamoja na mapipa ya nyama ya kopo.

"Jumapili ya watoto tutaingia kanisani kama watu," alisema Shangazi.

Lisiate alizizunguka zile rimu mara mbili. Akanitazama. Kisha akazipokea kwa mikono miwili na shukrani ndefu, kwa sababu kwetu dada wa baba akisema nipe, unatoa, na akisema shika, unashika, hata uwe mhubiri au mkuu wa polisi. Shangazi Siutiti si mtu mbaya. Ni mtu wa miaka sabini na mmoja ambaye hajawahi kuambiwa hapana, basi.

Gereji ni ya Motuliki, binamu yake Lisiate, naye pia ni mtoto wa kaka yake Shangazi. Alizijaribisha huku Shangazi mwenyewe amekaa kwenye kiti akimsimamia. Matundu matano kwa matundu matano, zikaingia. Akakata usukani kulia, akakata kushoto, hazikugusa popote.

"Si zimeingia?" akauliza Shangazi.

"Zimeingia, Shangazi," akajibu Motuliki huku akitazama dari.

Lisiate alimnong'oneza kuwa kuingia si kutosha, gari ni tupu. Motuliki akamnong'oneza kwamba hilo hata kipofu analiona, lakini shangazi ni wa wote wawili, na kama kuna anayetaka kufa atangulie yeye. Wakakaza nati. Rimu zetu za zamani zikabaki gerejini, na yale matairi vipara Shangazi aliyachukua papo hapo akayapandie maua.

Jumamosi mchana, maduka yote yameshafungwa, Lisiate akalijaza gari magunia ya viazi vikuu, kila gunia kwenye kiti cha mtu wake kwa kilo zake. Gunia la mbele lilikuwa kubwa kuliko yote, na Pisila akaliamkia kwa adabu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha gunia langu likashushwa nikakaa mimi, tukaondoka polepole, na barabara ilipobonyea kidogo tu tukasikia tairi la nyuma likilisaga madigadi. Lisiate akashuka, akapitisha kidole. Tairi lilikuwa limekatwa mstari mzima, kina cha ukucha. Akaniambia kwamba likipasuka na watoto wamekaa juu yake, hatutakuwa na la kusimulia. Hapo kicheko kikanikauka.

Nikamwambia akaseme. Akaoga, akajifunga kiunoni mkeka wake, vazi letu la heshima, akaenda.

Sasa, sisi jambo zito hatulisemi uchi, tunalivisha maua kwanza. Lisiate alikaa chini mbele ya Shangazi akasema kwamba gari letu ni mzee, linaona haya kuvaa viatu vya bwana harusi. Shangazi akasema lipakwe rangi. Lisiate akasema mguu mkubwa kwenye nyumba ndogo humtesa mwenye nyumba. Shangazi akafikiri, akasema nyumba ipanuliwe, akamtumia Motuliki salamu aje na nyundo. Mume wangu akarudi na kapu la maandazi aliyofungiwa.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia sana."

"Amesemaje?"

"Nyundo."

Motuliki aligonga madigadi mpaka kiza kilipoingia, na gari likawa na sura ya mtu aliyepigana.

Jumapili ya kwanza ya Mei watoto wote huvaa nyeupe wakasome mistari yao mbele ya kanisa. Tukapanda: watoto wanne, mimi, kapu la viazi vikuu, nguruwe mzima aliyeokwa kwa ajili ya karamu, na Shangazi mbele na feni yake ya mkononi. Pisila alikuwa anarudiarudia mstari wake na mimi narudiarudia sala zangu. Hatukufika mbali. Nyuma kukasaga, pakanuka mpira unaoungua.

"Nani anasaga meno?" akauliza Shangazi.

Lisiate alisimamisha gari pembeni, akazima. Nilidhani anakwenda kutazama tairi. Badala yake alizunguka mpaka mlango wa Shangazi, akaufungua, akakaa chini. Alikaa kwenye vumbi jeupe la barabara, amekunja miguu, na shati lake la kanisani na mkeka wake mpya, kwa kuwa mtoto hawezi kumkatalia shangazi yake kichwa chake kikiwa juu ya cha huyo shangazi. Watu waliokuwa wakienda kanisani kwa miguu wakapunguza mwendo, na wengine walisimama kabisa.

"Shangazi, naomba radhi yako," alisema. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Rimu zako ni nzuri, lakini haziwezi kubeba watoto wangu. Siendi nao hatua moja zaidi."

Kengele ya kanisa ilikuwa inalia. Nimeishi na Lisiate miaka kumi na sita na sijawahi kumsikia akimwambia yule mama neno lile, hata kwa kikombe cha chai. Niliogopa, na papo hapo nikajisikia fahari hata nikataka kuwapungia mkono waliosimama. Shangazi aliifunga feni yake. Alimtazama muda mrefu, vumbi lote lile kwenye mkeka mpya.

"Zinaweza kubeba wangapi?"

"Wewe na mimi," akasema Lisiate, bado yuko chini. Akapiga hesabu kidogo. "Na nguruwe."

"Basi wengine washuke."

Tukashuka. Gari likatangulia kwa mwendo wa kinyonga, rimu zinawaka jua, Shangazi mbele akiwaitikia watu kwa kichwa, nguruwe nyuma peke yake, na sisi watano tunafuata kwa miguu na nguo zetu nyeupe. Waliotuona wakadhani ni maandamano ya Jumapili ya watoto. Familia mbili zikaunga mkia nyuma yetu, na nyingine ikaanzisha wimbo. Pisila alifika amekariri mstari wake mara arobaini, akausema kanisani bila kukosea.

Baada ya karamu Shangazi alimwita Lisiate, akamwambia alipeleke gari nyumbani tupu, na kesho azitoe zile rimu. Yeye mwenyewe hakupanda. Alisema amekula mno, anataka kutembea, ingawa magoti yake yana miaka kumi hayamtaki. Akanishika mkono tukafuatana, watoto wametangulia.

"Mume wako alijifunza lini kukataa?"

"Leo asubuhi, Shangazi."

Kisha akasema, akiwa anatazama mbele, "Baba yake hakujifunza. Nilimwomba aje kuniezekea paa. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, alijua, na mimi nilijua. Akapanda. Angeniambia hapana siku ile moja tu, leo tungekuwa naye."

Tulipofika penye mtaro nilimwambia asimame kwanza nivuke mimi, nimpe mkono. Akasimama, akangoja.