Walivyotaka Kuigeuza Nyumba Yangu Yadi ya Malori

Mume wangu alikufa kwa ajali tukirudi kutoka Vwawa. Lori lililokatika breki lilitubana mtelemkoni. Yeye hakutoka. Mimi nilitoka na mguu uliovunjika, na ndugu zake hawajanisamehe hilo mpaka leo. Majina siandiki, lakini kaka yake mkubwa akisoma hapa atajijua, na dada yao pia. Ni hao wawili, sitafuti mwingine. Dereva wa lori naye alikufa, ameshamaliza yake.

Nyumba yetu iko Chapwa, hapa Tunduma, si mbali na barabara kubwa. Matofali tulifyatua wenyewe, mimi na mume wangu, tukayachoma wenyewe. Siku wapimaji wa viwanja walipopita, mume wangu alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwenye biashara zake. Kaka mtu akaandikisha kiwanja kwa jina lake. Alisema anatushikia tu mpaka mdogo wake arudi. Mdogo wake alirudi jioni ile ile, kaka akaendelea kushika.

Kwenye hati kiwanja kimeandikwa cha makazi. Sasa kaka mtu alikuwa na rafiki mwenye malori, na Tunduma malori yanasubiri kuvuka mpaka hadi madereva wanaota ndevu. Mwenye uwanja wa kuyaegesha hana shida na dunia. Lakini pa makazi hufungui yadi mpaka halmashauri ikubali kubadilisha matumizi, na kabla haijakubali, tangazo linabandikwa hapo hapo kiwanjani ili mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya siku iliyoandikwa.

Akalibandika wakati wa msiba.

Huku kwetu watu hawaleti ugomvi msibani. Hata kama mna kesi, utakuja, utatoa pole, utamsaidia mwenzako kupasua kuni, kesi itasubiri tanga lianuliwe. Majirani walilisoma lile tangazo pembeni ya turubai, wakakaa kwenye mabenchi, wakanyamaza. Na siku ya kuanua tanga alipanga kaka mtu mwenyewe. Aliiweka siku moja baada ya siku ya mwisho ya pingamizi. Mimi niliishia darasa la nne, yeye alifika mbali, na hapo ndipo elimu yake ilipoonekana.

Mimi nilikuwa ndani, mguu kwenye plasta. Mama mmoja jirani aliniletea uji, akainama kama anaupoza.

"Wanasema hapa panakuwa yadi ya malori."

"Na mimi?"

"Wewe hawajakuandika."

Siku ile ile akaja afisa wa mipango miji kukagua kiwanja, kijana mgeni, hajui desturi zetu. Akauliza ndani anakaa nani. Kaka mtu akamjibu kwamba anakaa mjane wa mdogo wake, na wao ndio wanaomlea. Kijana akataka kunisikia. Wakanibeba na mkeka wangu mpaka mlangoni, nimefunikwa kitenge.

Hapo lazima nieleze. Katika ukoo wa mume wangu, mjane haongei mbele ya wanaume mpaka tanga lianuliwe. Akiulizwa kitu, anamnong'oneza dada wa marehemu, dada ndiye anayesema kwa sauti. Siku mjane akifungua mdomo mwenyewe, basi msiba umekwisha.

Kijana akauliza kama nina pingamizi. Nikamnong'oneza wifi kwamba nyumba hii nimeijenga, sitaki yadi.

Wifi akakohoa. "Mjane anawashukuru kwa kuja kumpa pole."

Wazee wakaitikia. Nikarudia, safari hii kwa nguvu, hadi mate yakamwingia sikioni. Akajifuta na khanga.

"Anasema msiondoke bila kula."

Kijana alikuwa ameshika kalamu. Aliuliza, kwa adabu, kama ni hayo tu, maana ameniona nimesema kwa muda mrefu. Wifi akasema mjane ana huzuni, anarudiarudia.

Nikafunua kitenge. "Sijasema hivyo. Nyumba hii tumejenga mimi na marehemu. Ninalo pingamizi, andika."

Waliokuwa wanapasua kuni waliacha. Wifi alinitazama kama nimetapika mbele za watu, akasema taratibu, "Wifi, umemzika kaka yetu mara ya pili." Nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Kaka mtu angekaa kimya angeshinda. Neno la mwanamke mmoja mwenye plasta lingeelezwa kuwa ni kuchanganyikiwa. Lakini alikuwa na hasira, na hasira yake ilitaka niondoke siku ile ile, na mjane hafukuzwi kabla tanga halijaanuliwa, kwa hiyo akasimama akatangaza mbele ya wote, "Ameongea. Msiba umekwisha. Anueni."

Vijana wakaanza kufungua kamba za turubai. Jirani wa mkono wa kulia, ambaye malori yangepita chini ya dirisha lake, akasimama na kuvaa kofia yake.

"Kama msiba umekwisha, mzee, basi na mimi nina langu."

Akamwendea kijana wa mipango miji. Nyuma yake akasimama mwenye duka, halafu mama wa uji, halafu hata mzee aliyekuwa anakula, akaenda na sahani mkononi. Kaka mtu aliwaambia wakae, kuna msiba hapa. Wakamkumbusha kwamba amekwisha kuufunga.

Halmashauri ilikataa maombi, ikasema kwanza ijulikane nyumba ni ya nani. Kesi hiyo iko baraza la ardhi mpaka leo, tunaitwa, tunaahirishwa. Mwenye malori hakusubiri, alipata uwanja kwingine. Ukoo nao walikaa kikao wakaamua kwamba mimi si mjane wao, kwa sababu nilivunja msiba. Waliniletea habari hiyo hapa hapa nyumbani, watu watatu, nikawafungulia mlango, nikawapa viti. Walipomaliza kusema waliangalia kuta, wakaangalia paa, wakaomba maji ya kunywa. Niliwapa.