Pipa la Kaltuma

Kaltuma binti Murjan hakununua kitu kabla hajakigonga. Chungu, debe, hata mlango wa nyumba yake pale Sarang'ombe, Kibra, aliugonga kwanza, akasikiliza, ndipo akataja bei, nusu ya ile aliyotajiwa. Marehemu mumewe, askari wa KAR, jeshi la Waingereza, alimwachia paa linalovuja. Mengine aliyapata kwa pombe ya mtama na kwa mdomo wake.

Mwaka wa arobaini na sita, vyombo vya jeshi vilipokuwa vikiuzwa, aligonga pipa la chuma lenye bomba la shaba chini. Lilimeza maji ya vyungu sita na bado lilitaka. Akampa mchuuzi vyungu vyake vyote na beberu mmoja juu yake.

"Wifi, umetoa vyungu vya mama?" Suad, dada ya mumewe, alishika kichwa.

"Vilivuja. Hili halivuji."

Pombe ya kwanza ilikuwa ya Ishmael Kiragu, mwenye mashamba huko Kawangware. Alikuwa anajenga nyumba ya mawe, na wachimba msingi wake hawakuinua sururu Jumamosi bila pombe. Kiragu, mzee wa kanisa, haonji. Kaltuma, Mwislamu, haonji. Lakini wawili hao walivutana kuhusu pombe kuliko walevi.

"Ikiharibika, mama, kazi ya mwaka mzima naipeleka kwa wapishi wa kwetu," Kiragu alisema, akashusha magunia yake ya mtama. "Kibra hamtaniona tena."

Jumapili Kaltuma alipika uji mzito, akajaza pipa. Desturi aliijua tangu utotoni: uji ulale, asubuhi utiwe kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Jumatatu akagusa ubavu wa pipa. Baridi kama pua ya mbwa. Akamwaga kimea, akakoroga. Mvuke ulipanda, lakini asubuhi ya Julai hata pumzi ya mtu hutoa mvuke; hakujali.

Jumanne pipa lilikuwa kimya. Chungu kingekuwa kimeshatoa povu.

"Chuma hakina roho," Suad alisema. "Pombe inataka udongo. Nenda kamwombe mchuuzi msamaha, labda beberu hajaliwa."

Kaltuma alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono hadi kwapani. Juu baridi; katikati bado moto. Akaelewa. Chungu hupoa usiku mmoja. Pipa lilificha moto tumboni, naye akakipika kimea kikiwa hai.

Lakini alipoutoa mkono, uji ulichuruzika. Jana ulisimamisha mwiko. Leo ulikuwa mwepesi kama maji. Akaulamba, kwa kuwa uji si pombe, akaganda pale pale na kidole mdomoni.

"Suad, nani katia sukari?"

"Sukari ya nani, ya mgao? Umerukwa na akili?"

Suad naye akaonja, akachovya kidole tena. Ilikuwa tamu kama miwa. Mtama mkavu wa Kiragu, maji ya mto na kimea kilichoungua vilikuwa vimefanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa Kibra aliyewahi kuliona. Kaltuma, aliyejua thamani ya kila kitu, hakujua hili alipime kwa kipimo gani.

Akautoa uji pipani kwa ndoo ili upoe. Kimea kilibaki kibaba kimoja; alikikoroga katika ndoo moja iliyopoa, akaifunika blanketi. Jumatano ndoo ilichemka bila moto. Akaimimina pipani pamoja na uji mwingine wote.

Alhamisi pipa lilianza kunguruma. Povu likainua mfuniko pamoja na jiwe lililowekwa juu, taratibu, kama mtu anayenyanyuka kutoka kwenye sijda. Wanawake wawili walikaa chini wakilitazama, na Suad akajifunika kichwa.

Jumamosi Kiragu alifika na mkokoteni. Mlangoni akasita.

"Nani yuko humo ndani?"

"Mtama wako."

Akaweka sikio kwenye chuma. Mchimba msingi aliyekuja naye alikinga kikombe bomba likafunguliwa, akanywa, akafumba macho, akanywa tena.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "kwa hii tutakuchimbia hadi Ngong."

Kiragu alivua kofia taratibu, kama aliyeingia kanisani.

"Umefanyaje, mama?"

"Vaa kofia yako," Kaltuma alisema, "tupatane bei ya mwaka ujao."