Aliyejenga Alikuwa na Usingizi

Mtaa mzima ulimwita Bi Upepo, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye cheti chake. Kazi yake ilikuwa kupima nyumba za watu. Si urefu na upana, maana hivyo hata mtoto atapima kwa kamba, bali namna nyumba inavyotunza joto: inakula umeme na kuni kiasi gani ili wenyewe wasitetemeke, na joto hilo likishapatikana linatorokea wapi. Iliyomtuma ni ofisi ya nyumba. Kila mlango aliopita ulibaki na kadi yenye herufi. A ni nyumba inayoshika joto kama chupa ya chai. F ni nyumba ambayo ukiwasha jiko unaipasha moto barabara ya nje, na nyumba za namna hiyo ndizo ofisi ilizozitengeneza kwanza.

Wapimaji wengine waliimaliza kazi kwa makaratasi. Waliuliza nyumba ilijengwa lini, wakatazama unene wa ukuta na aina ya vioo, wakasoma mita, wakapiga hesabu, wakaaga. Bi Upepo aliyafanya hayo yote lakini hakuyaamini. "Karatasi haisikii baridi," alikuwa akisema. Yeye aliiamini feni. Alikuwa na feni kubwa iliyoshonewa turubai jekundu. Aliziba nayo mlango wa mbele, akafunga madirisha yote, kisha akaiwasha ivute hewa ya ndani na kuitupa nje. Hapo hewa ya nje haina budi kuingia kupitia kila ufa, naye hupita na kijiti cha moshi mkononi akiangalia. Moshi ukitulia, ukuta ni mzima. Ukitimka, hapo pana tundu.

Sasa, hakuna mtu anayependa kuambiwa nyumba yake inavuja. Ni sawa na kuambiwa mtoto wake hana adabu. Watu walinuna, na wapo waliomwonyesha mlango, ambao wakati huo ulikuwa umezibwa na feni yake mwenyewe. Ndipo akabuni dawa. Akikuta tundu baya humgeukia mwenye nyumba na kumwambia kwa sauti ya huruma, "Si kosa lako. Aliyejenga hapa alikuwa na usingizi." Watu hucheka, kinyongo huisha, chai huletwa. Lawama anabebeshwa fundi, na fundi hayupo wa kujitetea. Maneno hayo aliyasema nyumba kwa nyumba mpaka yakawa mojawapo ya vifaa vyake, na kama ilivyo kwa vifaa vya kila siku, akaacha kuyatazama anapoyatoa.

Na huyo anayesema hivyo ni mtoto wa fundi! Baba yake alikuwa muashi, sasa amestaafu na magoti yamemgomea. Watu walimwita Mzee Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye kipande kizito cha chuma nchani ambayo waashi huitundika kuona kama ukuta umesimama wima. Yake haikumtoka mfukoni hata alipokwenda mazishini. Nusu ya nyumba za mtaa wa juu zilitoka mikononi mwake, na alikuwa na mazoea ambayo binti alikua akiyaona: kila alipopita kwenye nyumba aliyoijenga, aliugusa ukuta kwa kiganja, kidogo tu, kama mtu anayemgusa mwanawe kichwani. Hakusema kitu. Utotoni binti alikereka, maana safari ya dukani ilikula asubuhi nzima. Alipokuwa mtu mzima alijikuta naye anagusa.

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa mojawapo ya hizo. Bi Upepo alilijua hilo vizuri. Ila nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya na kuongezwa kibaraza, naye siku hiyo aliingia akiwaza kazi, hakuwaza kitu kingine. Mama Pacha, mwanamke mwenye mapacha wawili na maneno ya watu kumi, alikuwa ameita majirani waje kuona maajabu ya feni. Sebule ilijaa.

Kanuni ya kwanza ya kazi ile ni kufunika majivu ya mekoni kwa gazeti bichi kabla ya kuwasha chochote, kwa kuwa feni huvuta hewa hata kupitia bomba la moshi. Lakini meko ya pale sebuleni ilikuwa imezingirwa na magoti ya wageni, na mwenyeji alikuwa katikati ya kumsifu, na sifa zina utamu wake. Bi Upepo akaona aanze kwa mwendo mdogo, majivu atayafunika baadaye.

Alikuwa chumbani na kijiti chake feni ilipobadili sauti. Mtu alikuwa amefungua mlango wa jikoni.

"Nani huyo?" alifoka kutoka kule kule. "Hebu fungeni huo mlango! Mnaniharibia kazi!"

Mlango ukafungwa taratibu. Aliyeingia alikuwa baba yake, kavaa shati jeupe la kutokea. Alikuwa ametangaza kwa kila aliyemsalimia asubuhi ile kwamba anakwenda kumwona binti yake akiwa kazini. Wageni wakampisha, na Mama Pacha akamkalisha kando ya meko, kiti cha heshima.

Chumbani, pale ukuta ulipopaswa kukutana na dari, moshi ulitimka kama umefukuzwa. Bi Upepo aliingiza kidole, kikaenda chote. Akatoka hadi mlangoni mwa sebule, macho kwa mwenye nyumba.

"Mama Pacha, pole. Dari na ukuta wako hawajawahi hata kusalimiana. Lakini si kosa lako. Aliyejenga hapa alikuwa na usingizi."

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alikohoa. Ulimi hauna mfupa: Bi Upepo akadhani feni imemeza maneno, akapaza sauti na kuyaongezea chumvi.

"Nasema aliyejenga alikuwa na usingizi! Na aliyemshikia ngazi naye alikuwa amelala!"

Hapo mtu mmoja alicheka, kando ya meko. Kicheko alikitambua kabla hajauona uso.

"Ni kweli, mama," alisema baba yake. Tangu utotoni alimwita hivyo. "Mimi huenda nililala. Ila aliyenishikia ngazi ni marehemu mama yako. Yule hakuwa mtu wa kulala kazini."

Bi Upepo alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ikamfika masikioni, ikakaa huko ikivuma pamoja na feni. Akataka kuizima feni angalau pawe kimya, na kwa mkono usiokuwa na akili akazungusha kitufe upande usio wake.

Feni ikanguruma. Bomba la moshi likakohoa, na majivu yote ya wiki nzima yakaruka kutoka mekoni yakamwangukia mzee kichwani, mabegani, na kwenye shati jeupe la kutokea.

Alipoizima, sebule nzima ilikuwa ikimtazama mzee wa kijivu aliyekaa wima kitini.

"Haya," alisema Mama Pacha, "na aliyepima je? Ameamka saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko, kicheko cha kufunguliwa kifungo, na mzee akacheka nao. Bi Upepo alimkimbilia akaanza kumpangusa shati, lakini majivu ni majivu, kila alivyofuta ndivyo yalivyozidi kuingia. Baba alimshika mkono akauondoa.

"Acha. Maliza kazi."

Akayazoa majivu, akafunika meko, akapima upya. Namba ilitokea kwenye kioo cha mashine ya feni, nayo ilikuwa mbaya.

"Imepata nini?" aliuliza baba.

"Nitakwambia nyumbani, baba."

"Niambie hapa hapa. Yale mengine yote umeyasema hapa."

Angeweza kudanganya. Wazo lilimjia, tena kwa nguvu: aandike C, mzee anyanyuke na heshima yake. Lakini mapacha walikuwa wamekaa sakafuni na masweta mawili mawili, pua zinawatiririka, na nyumba yenye C haijiwi na mtu yeyote wa kuiziba.

"F," alisema.

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Na ukuta?"

"Ukuta umenyooka, baba. Haujapinda hata kidogo."

"Umenyooka," alisema mzee, "na baridi inapita."

Waliondoka pamoja, binti na feni begani. Walipofika barabara ya mtaa wa juu, ile yenye nyumba zake pande zote mbili, mzee alisimama, akaitazama mpaka mwisho.

"Tupitie nyuma," alisema.

"Nyuma kuna matope, baba. Na magoti yako."

"Tupitie nyuma tu."

Wakapitia kwenye kichochoro cha maji machafu, mzee mbele, mikono yote miwili mfukoni.

"Baba, nisamehe."

"Kwa lipi? Si umepima?"

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angemgombeza angejua pa kuanzia. Kichochoro kilizidi kuwa chembamba, kikapita ubavuni mwa nyumba ambayo baba yake aliijenga yeye akiwa mgongoni kwa mama. Mzee aliupita ukuta ule bila kuutazama. Binti alishindwa. Alihamishia feni bega la pili, akanyoosha kiganja.

Baba aligeuka akamwona.

"Acha, mama," alisema. "Mikono yako ina majivu."