Nilizoea Kuwakabidhi Mlangoni

Habari admin, naomba unifichie jina maana hapa Mwanza tunafahamiana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nina mume na watoto watatu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimaliza nyuma ya gari la wagonjwa, barabara ya Kisesa na vijiji vya huko, nikibeba waliopata ajali, wajawazito na wazee waliozidiwa. Mgongo ulipoanza kukataa machela, nikarudi chuo kusomea uuguzi na mabinti wa rika la mwanangu wa kwanza. Waliniita bibi, nikawazoea. Sasa nina miezi michache tangu niajiriwe wodi ya wanawake na, ndugu zangu, naogopa.

Watu wa gari tuna desturi yetu: ukishamkabidhi mgonjwa mlangoni mwa hospitali, humuulizii tena. Unaosha machela, unabadilisha shuka, unasubiri simu nyingine. Tulisema ukianza kuulizia hutadumu kwenye kazi. Kwa hiyo kichwani mwangu wote niliowafikisha walipona. Wodini sina wa kumkabidhi. Leo unamwogesha mtu, kesho unamlisha uji, unajua hadi majina ya wajukuu wake, halafu asubuhi moja unakuta kitanda kimetandikwa upya. Mara ya kwanza nilijifungia chooni nikalia.

Wiki iliyopita aliletwa mama mmoja mzee wa kule Bujora. Nilipomwamkia alinishika mkono akaniangalia, akasema sauti yangu anaijua. Kumbe ni mimi niliyempakia kwenye gari miaka ile, pumzi zikiwa zimembana, na njia nzima nilikuwa namwambia maneno niliyowaambia wote: "Vumilia mama, tukifika tu utapona." Na kweli alipona, akarudi shambani kwake. Basi akaitangazia wodi nzima kwamba aliyemponya ni mimi, na tangu siku hiyo hamezi dawa mpaka nimpe mimi.

Safari hii hatapona. Daktari amewaeleza wanawe kwamba kilichobaki ni kumtuliza maumivu, na wao wameomba kwanza asiambiwe. Juzi nilikuwa namgeuza ubavu, akaniambia taratibu, "Mwanangu, niambie tena yale maneno ya kwenye gari."

Nikasingizia kwamba naitwa, nikatoka. Jana nikambembeleza mwenzangu tubadilishane upande wa wodi, nikawa napita mbali na kile kitanda nimeinamisha kichwa. Jioni mwenzangu akaniambia mama ameshinda akiniulizia, na vidonge amevifumbata mkononi hataki kumeza.

Mume wangu ananitania, eti mwanamke aliyeingia kwenye basi lililopinduka kuvuta majeruhi leo anamkimbia bibi aliyelala. Nacheka naye, lakini usingizi sina. Bosi wangu wa zamani ameniambia nafasi kwenye gari ipo, anataka jibu leo. Mgongo utauma, najua, lakini angalau nitarudi kuwa mtu wa kuishia mlangoni.

Naandika haya nikiwa nimekaa stendi ya Buzuruga, sare iko kwenye mfuko, zamu yangu inaanza mchana huu. Naogopa kumdanganya, naogopa kumwambia ukweli, na zaidi ya yote naogopa kuwa pale mkono wake utakapolegea ndani ya mkono wangu. Msinitukane, wala msiniambie niombe tu, maana naomba kila siku. Kwenye gari nilikuwa na mahali pa kumpeleka. Sasa tumeshafika, na mama bado anasubiri nimwambie. Nishaurini jamani, nikikaa pale kitandani kwake nimwambie nini?