Nilimpandisha Kufuli Basi la Jeddah

Nimekosa. Naandika bila jina kwa sababu wale wa Al-Sulay wanaonijua wameshaacha kunisalimia, na wasionijua sitaki waanze. Lakini kosa lenyewe nitalisema lote, hata pale panaponiaibisha zaidi.

Mimi ni Mkenya, dereva wa foklifti kwenye ghala moja la mtaa wa Al-Sulay, huku Riyadh. Kila Ijumaa jua likipoa, sisi watu wa maghala hucheza besiboli kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya karakana za malori. Wengine waliujua mchezo tangu shuleni kule Meru, wengine Uganda, na wengine tulifundishwa na Wafilipino hapa hapa. Mimi nilijaribu kucheza nikashindwa vibaya, nikawa shabiki. Baadaye nikawa kiongozi wa mashabiki, na cheo hicho kikanipanda kichwani.

Timu yetu ilikuwa na mrushaji tuliyemwita Kufuli. Kwa asiyeujua mchezo huu, mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo, na akichoka kocha humtoa akaingia mwingine. Kufuli hakuwahi kuanza mechi hata moja. Aliketi kwenye kreti la soda mpaka mwisho, wakati tunaongoza kwa pointi moja tu na wapinzani wamejaa besi zote, vile vituo wanavyokimbilia kupata pointi, pigo moja zuri linatumaliza. Hapo ndipo kocha alipomwita. Aliingia kusafisha uchafu ambao si yeye aliyeumwaga.

Akisimama tu, mashabiki tulitoa mfukoni makufuli ya kabati zetu za kambini, tukayagonga kwenye uzio wa chuma mpaka wenye malori wakasimama kutazama. Yeye hakugeuka. Aliufuta mpira kwenye paja la kushoto, mara mbili, halafu akarusha. Wapigaji walipunga gongo kama watu wanaofukuza nzi.

Misimu minne nilimtazama akifanya hivyo. Akimaliza hakurukaruka wala kujipiga kifua. Alimwendea yule mwenzetu aliyeharibu, akamgusa bega na kumwambia, "Hiyo imeisha, bro," kisha akaenda kunywa maji. Nilimpenda kwa hilo kuliko hata kwa mkono wake. Nilimsimulia mke wangu kwenye simu kila wiki, mpaka siku moja akaniuliza kama huko Saudia nimeoa Kufuli.

Sasa, Kufuli hakuwa na ikama iliyo hai, kile kibali cha kuishi huku. Kafili wake wa kwanza, yaani mwajiri mdhamini, aliacha kumlipia, na alipoondoka kwake akaripotiwa kuwa ametoroka. Aliishi mtaa wa Manfuha, chumba kimoja watu sita, akifanya vibarua vya kupaka rangi. Mnaoishi huku mnajua maana yake. Ukishikwa ni kizuizini, halafu ndege, na kurudi sahau.

Mwaka huu bahati ilimgeukia. Bosi mmoja wa kazi za rangi alikubali kuwa kafili wake mpya, na karatasi zikapelekwa ofisini. Aliambiwa jambo moja tu: atulie Manfuha, asisafiri, mpaka zitoke. Hayo yote alinieleza mimi mwenyewe, akicheka kama mtu aliyepona ugonjwa.

Ndipo watu wa Jeddah wakatualika mechi ya sikukuu ya Idi. Kule kuna vijana wa asili ya Unguja waliozaliwa Jeddah hiyo hiyo, timu kali na midomo mikali zaidi. Kiongozi wa mashabiki wao, mzee mmoja mcheshi, alinitumia ujumbe wa sauti: "Huyo Kufuli wenu kila siku twamsikia, hatujamuona. Mleteni basi, au mtu wa hadithi huyo?"

Nikamjibu papo hapo kwamba anakuja, nampa neno langu. Kufuli mwenyewe sikuwa nimemwuliza.

Nilimfuata Manfuha, nikamkuta anasonga ugali.

"Bro, mimi nimeambiwa nitulie," alisema. "Zimebaki kama wiki mbili hivi."

"Ni kwenda na kurudi tu. Sikukuu askari hawasumbui mabasi."

"Umeuliza?"

"Nimemwuliza dereva mwenyewe. Amesema njia iko sawa."

Ni kweli nilikuwa nimemwuliza dereva. Ni Mpakistani mmoja wa basi dogo, na alinijibu kwa kile Kiarabu chetu cha kambini: "Mafi ikama, mafi safar." Hakuna ikama, hakuna safari. Aliniambia wazi kwamba kabla ya njia panda ya Makka wanakagua kila kichwa. Nami nikamwambia asijali, sote tunazo.

Kwa hiyo msiseme sikujua. Nilijua, nikalimeza jibu la dereva, nikampa rafiki yangu jibu nililolitaka mimi. Nilitaka kuingia Jeddah nikiwa ndiye niliyemleta.

Kufuli aligeuza ugali kwenye sahani, akanitazama. "Kama umeuliza, ni sawa. Najua wewe huwezi nichoma."

Kocha na nusu ya wachezaji walitangulia na basi lingine. Sisi tuliondoka asubuhi, watu kumi na wanne, tukiimba. Nilivaa fulana niliyoichapisha mwenyewe, jina KUFULI limejaa mgongo mzima. Tuliketi kiti kimoja, na alipotaka kulala akanipa glavu yake nimshikie. Niliishika kwa fahari, nikiwaonyesha wenzangu.

Alasiri tukafika kwenye kizuizi. Askari akapanda. "Ikama, yalla."

Kufuli akafuta kiganja kwenye paja la kushoto, mara tatu, mara nne. Misimu minne, besi zote zimejaa, sikuwahi kumwona akizidisha mbili. Aligeuka akanitazama mara moja, na nadhani hapo hapo alielewa kila kitu. Alitoa kadi yake iliyokufa zamani, askari akaisoma kwenye kimashine, akamwashiria ainuke.

Alinipita magotini akaenda mlangoni. Ndipo askari akauliza kwa sauti, nani kamleta huyu?

Dereva akaniangalia kwenye kioo. Watu wote wakaniangalia. Huku, anayemsafirisha mtu asiye na karatasi huchukuliwa pamoja naye, na sote tunalijua hilo. Mimi nilifanya nini? Niliubana mgongo wangu kwenye kiti ili jina lisionekane. Mtu mzima, mume wa mtu, nimejikunja kama mtoto aliyevunja sahani.

Kufuli akajibu kwa Kiarabu, pale mlangoni. "Hakuna aliyenileta. Nilisimamisha gari barabarani, nikawadanganya kuwa ninayo. Siwajui hawa."

Akashuka. Basi likaruhusiwa kuondoka, na glavu yake ilikuwa bado mikononi mwangu.

Mechi ilichezwa. Awamu ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja, besi zikajaa, na kocha akageuka kutazama kreti tulilokwenda nalo, kwa mazoea. Lilikuwa tupu. Hakuna aliyegonga kufuli. Tulifungwa, na yule mzee wa Jeddah akanijia akiuliza Kufuli yuko wapi. Nikamwambia ana homa.

"Mpe pole, mwanangu," alisema. "Mwambie bado twamngoja."

Kufuli alirudishwa Kenya. Siku chache baada ya ndege yake kuondoka, bosi wa rangi alimpigia kocha simu kwamba karatasi ziko tayari, kijana yuko wapi? Kocha, ambaye dereva alikuwa ameshamweleza yote, alinipa simu niongee mimi. Nikamrudishia. Tangu siku hiyo ameniomba nisikanyage uwanjani.

Wewe unayempenda mchezaji, mwimbaji, yeyote yule, sikiliza. Kabla hujamwita aje kukufurahisha, jua anaweka nini rehani. Na ukiulizwa kama umeuliza, sema jibu ulilopewa, hata kama litakukosesha siku yako. Mimi niliita upendo kitu ambacho kilikuwa kiburi changu tu, na aliyekilipia ni yeye.

Juzi alinitumia ujumbe wa sauti kutoka nyumbani, mfupi, kuku wakisikika nyuma yake. Anasema glavu nimpe kocha, aitafutie mkono mwingine. Halafu akaongeza, "Na hiyo imeisha, bro."

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Bado sijamjibu, na glavu bado imo kabatini mwangu.